Walaji Wakubwa Ndani ya Mapafu Yetu

Hapa Buigiri kiangazi kikifika vumbi huingia hadi kwenye vyungu. Je, mmewahi kujiuliza vumbi tunalolivuta huishia wapi?

Sehemu kubwa hunaswa puani na kooni. Linalofika ndani kabisa ya mapafu humezwa na chembe hai ziitwazo makrofaji, yaani "walaji wakubwa" kwa Kigiriki. Mwanasayansi Metchnikoff, mzaliwa wa iliyokuwa Dola ya Urusi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa uchunguzi wake juu ya chembe za namna hii.

Walaji hawa wako karibu kila mahali mwilini. Wa mapafuni hula vumbi, moshi na vijidudu. Wa ini husafisha damu itokayo kwenye utumbo. Wa bandama huondoa chembe nyekundu zilizozeeka, na zile zenye vijidudu vya malaria. Hata ubongo una walinzi wake. Wakishamla adui, huwaonyesha askari wengine wa mwili vipande vyake, ili nao wamtambue.

Lakini kijidudu cha kifua kikuu ni kijanja. Kikimezwa, chaweza kuendelea kuishi ndani ya mlaji huyo huyo. Askari wengine hukizungushia ukuta, na kwa watu wengi hulala humo miaka mingi bila kuleta ugonjwa. Mwili ukidhoofika kwa UKIMWI, kisukari au njaa, ukuta huweza kubomoka.

Kwa sababu hiyo matibabu kwa kawaida huchukua miezi sita. Dawa za miezi miwili ya kwanza huua vijidudu vingi. Za miezi minne inayofuata huvisaka vilivyojificha. Tatizo ni kwamba baada ya majuma machache kikohozi hupungua na nguvu hurudi. Mvua zikianza, mgonjwa huchukua jembe akaenda shambani, vidonge akaviacha nyumbani. Wengine tumewapokea tena wakiwa hoi, na vijidudu vimekuwa sugu.

Basi tukumbuke haya:

1. Anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi.
2. Tufungue madirisha, penye tembe lenye giza na moshi, mgonjwa akae nje mchana.
3. Mgonjwa apimwe pia virusi vya UKIMWI.
4. Dawa hutolewa bure. Zimezwe mpaka mwisho.

Mama, baba, ukiona mgonjwa wako anasema amepona na vidonge bado vipo, usikubali. Mlete tuzungumze naye.