Sukari ya Damu na Jembe la Mkono

Ushauri wa kufanya mazoezi, ambao hutolewa takribani katika kila kliniki ya kisukari, humfaa zaidi mtumishi wa mjini Dodoma anayeshinda kitini na jioni akaenda kukimbia Uwanja wa Jamhuri, kuliko mkulima wa Kongwa au Bahi ambaye mvua za Desemba zikianza hulima kutwa, wala kazi hiyo haihesabu kuwa mazoezi. Mwili hauzitofautishi shughuli hizo, kwa kuwa msuli unaofanya kazi huvuta glukosi, yaani sukari iliyomo katika damu, hata pale insulini, homoni ya kongosho inayoziwezesha seli kupokea sukari hiyo, inapokuwa kidogo.

Kwa asiye na kisukari, kongosho hupunguza insulini mara kazi inapoanza, na ini likaachia akiba yake ya glukosi kufidia iliyotumika. Aliyejidunga insulini asubuhi, au aliyemeza glibenklamidi, dawa inayolisukuma kongosho litoe insulini zaidi, hawezi kupunguza kilichokwisha kuingia mwilini, na jua kali huongeza kasi ya insulini ya sindano kusharabiwa kutoka chini ya ngozi. Sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, mtu hutetemeka, hutokwa na jasho, moyo humwenda mbio na mawazo humvurugika. Dalili hizi hufanana mno na uchovu wa jua, hata wenzake shambani wakamwambia apumzike kivulini, kumbe anachohitaji ni sukari. Anayetumia metfomini pekee hayumo sana katika hatari hii.

Tiba ya papo hapo ni takribani gramu 15 za sukari, sawa na vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa katika maji, kisha kupima tena baada ya dakika 15. Zabibu, ambazo Dodoma huzivuna mara mbili kwa mwaka, zinaweza kusaidia, ilhali ugali wa uwele humeng'enywa polepole, hivyo ni chakula cha kutangulia kazi, si cha kumwokoa aliyekwisha kulegea.

Kazi fupi ya nguvu nyingi, kama kupakia magunia, huweza kupandisha sukari kwa muda, kwa sababu homoni ya adrenalini huliamuru ini kumwaga akiba yake. Aliyezidi milimoli 14 na mwenye ketoni, yaani asidi zitokanazo na mwili kuchoma mafuta kwa kukosa insulini, hapaswi kushika jembe kabisa, bali kutafuta matibabu.

Kipimo cha dawa kilichopangwa Septemba, mashamba yakiwa makavu, huenda kikazidi mno ifikapo Januari, na kwa hiyo mgonjwa na daktari wake hupaswa kukipitia upya kabla ya msimu. Misuli huendelea kujaza akiba yake hata saa 24 baada ya kazi, na ndiyo maana aliyelima kutwa huweza kushukiwa na sukari usiku wa manane, akiwa usingizini.