Limau, Chupa na Slabu ya Jiwe

Slabu zinazouzwa kwa jina la Taj Mahal hazitoki India. Kaburi lenyewe la Taj Mahal, lililoko Agra, lilijengwa kwa marumaru ya Makrana, huko huko India. Jiwe linalouzwa kwa jina hilo leo huchimbwa jimbo la Ceará, Brazil, nalo si marumaru bali kwatzaiti. Majina ya namna hii hubuniwa na wauzaji. Anayetafuta kaunta ya jikoni asiyategemee.

Kwatzaiti ilianza kama mchanga. Mchanga uligandamana ukawa jiwe, kisha joto na mgandamizo wa chini ya ardhi vikaziunganisha upya punje zake za kwatzi hadi zikafumana. Ukilivunja, ufa hupasua punje zenyewe badala ya kupita kando yake. Ndiyo maana miamba ya aina hii hubaki imesimama wakati ile laini iliyoizunguka imeshamomonyoka. Vilima vingi vya Rwanda, Burundi na Karagwe vina migongo ya kwatzaiti.

Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatzi ina 7, kioo cha kawaida takribani 5.5, na kalsaiti, madini ya marumaru, 3 tu. Basi mwombe muuzaji kipande kilichobaki, ukandamize ncha yake kwenye chupa na kuivuta. Pangusa kwa kidole: mstari ukifutika, huo ulikuwa unga wa jiwe, ukibaki, kioo kimechanwa. Kisha dondoshea limau upande uliong'arishwa, usubiri robo saa. Marumaru itapauka pale pale. Dolomaiti, jiwe linalofanana na marumaru, ni mjanja zaidi, kwani asidi huila polepole, lakini kwa ugumu wake wa 3.5 hadi 4 haiwezi kuchana chupa. Hiyo ndiyo mara nyingi huitwa “kwatzaiti laini”, bidhaa ambayo kijiolojia haipo.

Usichanganye kwatzaiti na kwatzi ya kiwandani, yaani chembe za jiwe zilizoshikizwa kwa gundi ya plastiki. Sufuria ya moto huweza kuiunguza gundi hiyo. Australia iliipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024, kwa sababu vumbi lake la silika liliwaletea wakataji silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona. Kwatzaiti ya asili nayo karibu yote ni silika. Fundi akija na grainda kavu kutoboa tundu la sinki ndani ya nyumba, mzuie. Kazi hiyo hufanywa kwa maji, na barakoa ya vumbi usoni.