"Haikuonekana" si "haimo"

Cheti cha maabara kikisema mabaki ya kiuagugu "hayakuonekana" kwenye udongo, mkulima hushusha pumzi. Asiharakishe. Neno hilo linaeleza upeo wa mashine kabla ya kueleza hali ya shamba. Mwaka 2008, nchini Uingereza, nyanya, maharage na viazi vya bustanini vilisokoteka majani, na chanzo kikabainika kuwa ni samadi ya mifugo iliyokula nyasi zilizopuliziwa kiuagugu kiitwacho aminopiralidi. Dawa hiyo hunata kwenye nyasi, hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuvunjika, kisha huachiliwa polepole samadi inapooza. Nyanya huweza kudhurika kwa mikrogramu 1 tu katika kilo moja ya udongo. Udongo wa juu wa hekta nzima, kina cha sentimita 15, una uzito wa takriban tani 2,000. Kwa kiwango hicho, dawa yote iliyomo ni gramu 2, haijazi hata nusu kijiko cha chai. Maabara ambayo mashine yake haioni chini ya mikrogramu 10 itaandika "haikuonekana" huku nyanya zikijikunja.

Kwa hiyo cheti kisichotaja kiwango cha chini ambacho mashine huweza kuona ni nusu ya jibu. Nusu nyingine iko kwenye jembe: gramu 10 zinazotikiswa ndani ya kiyeyusho zinasemea tani zote hizo, ndiyo maana udongo huchotwa sehemu 15 au 20 na kuchanganywa. Kisha kuna mboji, inayong'ang'ania dawa na kufifisha ishara yake ndani ya spektromita, yaani mashine inayoipima. Mkemia mwangalifu hutangulia kutia kiasi maalumu cha molekuli pacha, yenye atomu nzito kidogo. Nusu ya pacha ikipotea njiani, anajua dawa nayo imepotea vivyo hivyo, na anarekebisha hesabu.

Wapo wanaosema gharama zote hizi za nini, panda maharage koponi uone. Hoja nzuri, tena kwa dawa hii maharage ni kipimo kikali. Ila hayataji jina la dawa wala kiasi chake, na virusi pia hukunja majani. Bila kopo la udongo safi pembeni, hujapima kitu. Wengine hulalamika kwamba mashine kali huzua hofu bure. Kinachozua hofu ni namba isiyoambiwa zao: mikrogramu 5 za aminopiralidi ni msiba kwa nyanya, lakini mahindi, ambayo ni jamaa ya nyasi, yatasimama wima hapo hapo.