Bakhita alipokataa kurudi

Mtakatifu Yosefina Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa mara kadhaa, hata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Hilo la Bakhita, yaani mwenye bahati, alipewa na watekaji.

Akafikishwa Italia, kwenye lugha ngeni na mavazi mageni. Mama aliyekuwa akimtumikia alipotaka kumrudisha Sudan, Bakhita alikataa. Tarehe 29 Novemba 1889, mahakama ya Venice ikatamka kuwa yu huru. Mwezi Januari 1890 akabatizwa, na baadaye akawa mtawa.

Jina la kwao lilikuwa limempotea, lakini alijua yeye ni wa nani.

Leo binti zetu wanahamia mijini, wanabadili mavazi na lugha, nasi twasema wamepotea. Wakati huohuo, mjane akikataa kurithiwa, twasema anavunja mila. Ndugu yangu, nyumbani kwako mwanamke akisema hapana, husikilizwa? Mwanzo 1:27 yatufundisha kwamba naye ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Basi tusimdai utu wake kana kwamba sisi ndio tuliompa.