MTEJA AKIOMBA WI-FI YA DUKA, UNAMPA IPI?

Unauza maharage na migebuka mtandaoni kutoka Sumbawanga. Mteja yuko dukani, anasubiri umfungie mzigo uwahi stendi, anaomba Wi-Fi. Unamtajia neno la siri. Hapo ndipo unapokosea.

Tuelewane. Neno la siri la WPA2 au WPA3 linafumba mawasiliano hewani, asiye nalo asiweze kuyasoma. Fayawoli ya ruta inazuia wanaobisha hodi kutoka nje, kwenye intaneti. Ila uliyempa neno la siri ameshaingia ndani. Yuko mtandao mmoja na kompyuta yenye oda, majina na namba za wateja wako.

Fanya hivi leo:

1. Ukiwa kwenye Wi-Fi yako, fungua kivinjari, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Zikigoma, angalia kibandiko cha ruta.
2. Badilisha neno la siri la kuingia kwenye mipangilio. Likibaki "admin", mgeni anaweza kuizima fayawoli yenyewe.
3. Hakikisha "Firewall" imewashwa na "Remote Management" imezimwa.
4. Washa "Guest Network" ya wateja, yenye neno la siri lake, isifike mtandao wa ndani. Ruta yako haina? Wateja watumie bando zao.
5. Badilisha neno la siri la Wi-Fi ya kazi. Lile la zamani wanalo wengi.

Namba za wateja umeaminiwa nazo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakutaka uzilinde. Mwambie na jirani yako wa dukani.