Mbwa wa Nyumbani na Kuku wa Jirani

Magomvi mengi ya kijijini hayaanzi kwa jambo kubwa. Huanza kwa kuku. Mbwa wa nyumba hii amevuka ua asubuhi, mama wa nyumba ile akiwa shambani. Na mama yule anaporudi na mzigo wake wa kuni, akuta manyoya yametapakaa chini ya mgomba. Kuku aliyekufa alikuwa akitaga. Mayai yake ndiyo yaliyonunua chumvi na sabuni, na vifaranga vyake vilikuwa vimekwisha kuhesabiwa kwa ajili ya fedha za masomo ya mtoto. Jioni maneno makali hupita juu ya ua, na Dominika inayofuata jamaa mbili zilizozoea kwenda Misa pamoja hushika kila moja njia yake.

Kwa hiyo, wasomaji wetu, msishangae tukilitolea jambo hili nafasi kubwa katika gazeti. Wengi husema kwamba mbwa mwema huzaliwa mwema, na mbwa mwizi huzaliwa mwizi, basi hakuna la kufanya ila fimbo. Sisi hatukubali. Mbwa hajui mali ya mtu. Kwake hakuna kuku wa baba wala kuku wa jirani. Kuna kitu kinachokimbia na kitu kilichotulia. Ukiona mbwa amelala kivulini na kuku wanachakura karibu na masikio yake, fahamu kwamba kuna mtu aliyemfundisha, hata kama mtu huyo mwenyewe hakujua kama anafundisha.

Tuanze na tabia ya mnyama. Wazee wetu hawakufuga mbwa ili alale barazani. Katika misitu ya Kongo mbwa alikuwa mwindaji. Alivikwa kengele ya mti shingoni, kwa sababu hakubweka, nao wawindaji wakamfuata kwa mlio wa kengele ile mpaka kwenye nyavu. Mbwa wa namna hiyo, wenye masikio ya kusimama na mkia uliojikunja, walipelekwa Ulaya, wakaonyeshwa London mwaka 1937 katika maonyesho makubwa ya Crufts, na leo wajulikana duniani kwa jina la basenji. Watu wa ng'ambo hulipa fedha nyingi kwa mnyama ambaye huku kwetu alifukuzwa jikoni kwa ufagio! Lakini tusitoke njiani. Tunalotaka kusema ni kwamba mbwa aliyelala mlangoni pako ana mababu wawindaji, na uwindaji haukumtoka kwa sababu wewe umeacha nyavu ukashika jembe.

Uwindaji huo una hatua zake, nazo hufuatana: mbwa hukodoa macho, hunyemelea, hufukuza, hukamata, huua, mwisho hula. Mwenye kuufahamu mfuatano huo amekwisha kupata nusu ya elimu hii. Maana raha ya mbwa haimo katika nyama tu. Kufukuza kwenyewe ni raha. Ndiyo sababu mbwa aliyeshiba bukari na vichwa vya samaki aweza kuua kuku watano asile hata mmoja. Kumshibisha ni wajibu, kwa kuwa mbwa mwenye njaa lazima ataiba, lakini shibe peke yake haimfanyi kuwa rafiki wa kuku. Basi mtu asingoje mpaka meno yafike kwenye manyoya. Amzuie katika hatua ya kwanza kabisa, ile ya macho.

Hapa yatupasa kusema na wanafunzi, kwa maana kosa kubwa mara nyingi ni lao. Mtoto wa mbwa anapoletwa nyumbani, akiwa mviringo kama chungu na hajui kukimbia bila kuanguka, watoto humpigia makofi ili awakimbilie vifaranga. Vifaranga hutawanyika, koo hupiga kelele, kila mtu hucheka. Baada ya miezi sita mbwa yule yule hufanya mchezo ule ule, ila sasa ana meno na mbio. Baba hushika fimbo. Je, nani alikuwa mwalimu wake? Watoto wapendwa, msimwamshe mwindaji kwa mchezo, kwani ninyi si mtakaopigwa.

Umri ni jambo kubwa kuliko yote. Huko Bar Harbor, Marekani, wataalamu John Paul Scott na John Fuller waliwachunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi, na mwaka 1965 walichapisha kitabu chao. Walionyesha kwamba kuna majuma machache, tangu juma la tatu hivi mpaka la 12, ambamo moyo wa mbwa mdogo umefunguka kama mlango. Wale atakaoishi nao kwa amani siku hizo atawahesabu kuwa wenzake. Watoto wa mbwa waliotengwa na watu mpaka juma la 14 walikuwa kama wanyama wa mwituni. Nao wachungaji walilijua jambo hili kabla ya wataalamu. Mwaka 1833 Mwingereza Charles Darwin, akisafiri katika nchi ya Uruguay, aliona makundi ya kondoo yakilindwa na mbwa peke yao, mbali na nyumba na watu. Akaulizia habari zao. Akaambiwa kwamba mtoto wa mbwa alitolewa kwa mama yake angali mchanga sana, akanyonyeshwa na kondoo jike mara tatu au nne kwa siku, akalazwa katika kitanda cha sufu ndani ya zizi, wala hakuruhusiwa kucheza na mbwa wengine wala na watoto wa nyumbani. Alipokua hakutaka kuwaacha kondoo. Alikuja nyumbani kila siku kuchukua nyama yake, akakimbia nayo kama mwenye haya, na mbwa wa nyumbani wakamfukuza. Lakini alipofika kwa kondoo wake aligeuka akabweka, nao wakarudi nyuma. Namibia wamefanya kazi kwa akili hiyo hiyo: tangu mwaka 1994 wafugaji hupewa mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki, waliozoezwa na mbuzi na kondoo tangu utoto, ili duma wakae mbali na mifugo na watu wasiwe na sababu ya kuwaua duma.

Hatuwashauri kumfuata yule mchungaji wa Uruguay katika yote. Mbwa asiyewajua watoto hafai katika nyumba ya watoto. Sisi twamtaka mbwa kama yule wa kitabu cha Tobia, afuatanaye na kijana njiani, naye ni wa jamaa. Lakini mlango ule wa majuma ya kwanza tuutumie. Mtoto wa mbwa asiachishwe mama yake kabla ya majuma manane. Akifika kwenu, siku ile ile atengewe mahali karibu na banda la kuku, nyuma ya fito au ndani ya kikapu kikubwa, awaone wakila, awasikie wakigombana, azoee harufu yao mpaka achoke nao. Kuchoka huko ndiko tunakokutafuta. Akipita karibu na koo mwenye vifaranga na kudonolewa pua, msimhurumie kupita kiasi. Ila mtu mzima awe karibu, kwa maana koo mkali aweza kumtoboa jicho. Na wakati huo huo ulizeni habari za chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mganga wa mifugo. Msimamizi mwema hawezi kuliacha jambo hilo.

Baada ya hayo yaja mafundisho ya kamba. Chukua kamba laini ya mita mbili, na mfukoni uwe na vipande vidogo vya ndagala wakavu, au sambaza kama wewe u mtu wa Kivu. Tembea na mbwa mbali na kuku, mbali kiasi cha yeye kuwaona bila kutetemeka. Mwangalie yeye, usiangalie kuku. Kinywa kikifungwa ghafula, masikio yakisimama, mwili ukiwa mgumu kama mti, hapo ndipo macho yake yamekwisha kuanza kuwinda. Mwite jina lake kwa sauti ya kawaida, kabla hajaruka. Akigeuza kichwa kukutazama, mpe samaki palepale. Asipogeuka, usipige kelele. Mmekaribia mno, basi rudini nyuma hatua kumi, mjaribu tena. Dakika tano zatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Polepole mtasogea, juma kwa juma, mpaka aweze kulala miguuni pako kuku wakila mahindi mbele yake. Wengine hufika huko kwa mwezi mmoja, wengine kwa miezi mingi, na wenye haraka hawafiki kamwe.

Akisha kuzoea, kamba iburutwe chini bila kushikwa, ili mtu aweze kuikanyaga kukiwa na haja. Jihadharini na umri wa kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu. Mbwa ni kijana wakati huo, na kama vijana wote husahau aliyofundishwa. Mbwa wawili pamoja ni wabaya kuliko mmoja, kwa kuwa mmoja huanza na mwingine humaliza. Kwa hiyo mbwa asiachwe peke yake na kuku, jamaa wote wakiwa shambani au kanisani, kabla hajapita umri huo bila kosa.

Na fimbo je? Kuna desturi ya kumpiga mbwa baada ya saa nzima, kwa kumwonyesha kuku aliyekufa. Na wengine humfunga mzoga shingoni mpaka uoze. Twasema wazi kwamba hayo ni ukatili usio na faida. Mbwa huunganisha pigo na jambo la dakika ile ile. Akipigwa jioni kwa ajili ya kuku wa asubuhi, hujifunza tu kwamba baba akirudi kuna hatari. Kesho ataua mbali na macho yenu, wala hataitika aitwapo. Mnasema, ‘Tazama, ajua kosa lake, amekunja mkia.’ Hapana. Ameona uso wako tu.

Wanyama wengine wana namna zao. Mbuzi dume hujua kujitetea kwa pembe, na mara nyingi mbwa mdogo hupata funzo moja akaridhika. Kondoo ni tofauti: akiona mbwa hukimbia, na mbio zake ndizo zimwitazo mbwa, kondoo mwenye mimba akifukuzwa aweza kuiharibu mimba hata kama hakuumwa. Mpitisheni mbwa kando ya kondoo kwa kamba, kwa mwendo wa mazishi. Sungura na simbilisi, wale wadogo wafugwao jikoni katika nyumba nyingi za Kivu, wasiaminiwe kwa mbwa yeyote, hata mtakatifu. Banda lao liwe na mlango wa kufunga.

Mizoga nayo isitupwe kwa mbwa. Kuku akifa kwa kideri, ugonjwa ule unaomaliza banda zima kwa siku chache, mbwa aweza kuburuta mzoga mpaka kwa jirani na kuupeleka ugonjwa huko. Mzoga uzikwe chini sana, au uchomwe moto. Matumbo mabichi ya kondoo aliyechinjwa yana hatari nyingine: humo mwaweza kuwamo malengelenge ya mnyoo ambao mbwa huukuza tumboni mwake, halafu mayai yake huwafikia watoto wanaocheza naye.

Yabaki habari ya mbwa mkubwa aliyekwisha kuua. Mafundisho ya kamba yamfaa hata yeye, lakini tusiwadanganye: huyo hataaminika kama aliyelelewa tangu utoto. Ua wenu uwe imara, kuku walale bandani, na mbwa afungwe mchana wakati hakuna mtu wa kumwangalia, penye kivuli na maji, kwa kamba ndefu ya kumwezesha kuinuka na kugeuka. Kufungwa mchana na usiku humfanya mkali, basi mtembezeni.

Kwa jirani aliyepata hasara, sheria ni ya zamani. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chasema juu ya ng'ombe anayepiga wengine kwa pembe: kama mwenyewe alijua tabia yake asimfunge, atalipa ng'ombe kwa ng'ombe. Mbwa hakutajwa, lakini haki ni ile ile. Usingoje jirani aje kudai, wala usimletee jogoo mkongwe badala ya kuku atagaye. Nenda jioni ile ile, na mtoto aliyekuwa akimpigia mbwa makofi ndiye amchukue kuku mikononi. Mbwa naye afungwe kamba tangu usiku huo, na mafundisho yaanze upya asubuhi, kabla banda halijafunguliwa.