Kabla ya kununua firigo kubwa, tazama kwanza prizi yako

Mtumikaji mmoja wa atelye, mtu mwenye macho katika kazi yake, alimaliza kujenga jiko jipya nyuma ya nyumba. Alitia simenti chini, akapaka rangi ukutani, kisha akanunua firigo kubwa ya milango miwili, juu firigo, chini kongelateri. Majirani walikuja kuitazama. Fishi yake ilikuwa na vyuma vitatu vinene vya mviringo, maana ilitoka Afrika ya Kusini ikapita Kasumbalesa. Prizi ya jikoni ilikuwa na matundu mawili tu. Mwenzetu akafanya nini? Akakata fishi ile, akafunga nyingine ya vyuma viwili. Ule waya wa tatu, wenye rangi ya majani na manjano, akaukunja, akauacha.

Juma la pili bibi yake akamwambia:
– Baba, firigo inaniuma mikono.
– Ni baridi, mama.

Haikuwa baridi. Siku moja alikuwa akisafisha simenti kwa maji mengi, miguu bila viatu. Akashika mlango wa firigo, umeme ukamtupa chini. Mungu alisaidia akatupwa mbali, kwa sababu mara nyingi umeme unakaza vidole, na mkono haujui tena kuachilia. Mtoto wake mkubwa alikuwa karibu. Kama mama angebaki ameshikwa na mtoto angekimbia kumvuta, tungelia watu wawili.

Ndugu watumikaji, huyu mwenzetu kazini hawezi kugusa mota isiyo na waya wa udongo. Angekataa, angemwita mkubwa wa kazi, na angekuwa na haki. Lakini nyumbani waya uleule aliuona kama mkia usio na kazi.

Mwili wa firigo ni chuma. Ndani yake kuna nyaya, mota inatetemeka mchana na usiku, maji ya barafu yanatiririka, panya nao wanapenda kujificha nyuma pale penye joto. Siku waya mmoja unapopoteza ngozi yake na kugusa chuma, firigo nzima inapata umeme. Kama waya wa tatu umefungwa vizuri, umeme unapita humo kwenda udongoni, na disjonteri yenye ulinzi wa uvujaji inakata mara moja. Kama haupo, umeme unangoja mtu. Mama mwenye miguu mitupu juu ya simenti yenye maji ndiye anakuwa waya.

Kwa hiyo, wewe unayejenga jiko, anza na prizi kabla ya kwenda dukani. Mwite fundi wa umeme anayejua kazi. Azike piketi nje karibu na ukuta, alete waya wake mpaka kwenye prizi, aweke disjonteri ya miliampere 30. Prizi iwe ya firigo peke yake. Ralonje nyembamba inayobeba firigo, redio na pasi pamoja inapata moto mpaka inayeyuka. Sisi watu wa shaba, tunakosaje kipande cha shaba cha kuzika nyuma ya jiko?

Kisha uende dukani, na huko usitazame rangi kwanza. Tazama kibao kidogo kilichobandikwa ndani au nyuma. Kwetu umeme ni volti 220, Hz 50. Firigo iliyoandikwa 115 V na 60 Hz ilitengenezwa kwa nyumba za Marekani, iache. Tafuta pia herufi ya joto. T maana yake inaweza kufanya kazi katika joto la mpaka digri 43. N inaishia digri 32 tu, na mwezi wa kumi, chini ya mabati, mbabula ikiwaka kando, jiko linazipita kwa upesi. Firigo hiyo itazungusha mota yake bila kupumzika, itakula umeme, na nyama haitagandi vizuri.

Tazama na nyota. Nyota tatu ni digri 18 chini ya ziro, inafaa kuhifadhi kitu kilichokwisha kuganda. Ukitaka kugandisha mwenyewe nyama ya mbuzi uliyochinja leo, sherti nyota nne.

Kwa firigo ya okazio, weka karatasi kati ya mlango na mpira wake, funga, uvute. Kama karatasi inatoka bila kushikwa, mpira umechoka. Na ile ya zamani sana yenye mlango wa kufunga kwa komeo, usiichukue hata kwa zawadi. Mtoto akijificha ndani hawezi kufungua, na kelele yake haisikiki. Firigo iliyokufa inayokaa uani, ondoa mlango wake leo.

Ukubwa je? Hapa wengi tunadanganywa na macho. Familia inayonunua mboga na samaki kila siku sokoni haina haja ya kongelateri kubwa. Itabaki nusu tupu. Lakini wewe unayenunua tomsoni kwa katoni, na mahali unapokaa umeme unakatika mara kwa mara, afadhali firigo ndogo na kongelateri ya sanduku, ile inayofunguliwa juu. Hewa baridi ni nzito. Ukifungua mlango wa kusimama, inamwagika miguuni kama maji. Katika sanduku inabaki chini. Mahali patupu pajaze chupa za maji.

Umeme ukikatika, toa fishi, maana nguvu yake ikirudi inaweza kuruka na kuchoma mota. Usifungue mlango. Firigo iliyofungwa inalinda chakula saa 4 hivi. Kongelateri iliyojaa saa 48, ya nusu saa 24. Mama, kama unasafiri, gandisha maji katika kikombe, weka jiwe dogo juu ya barafu. Ukirudi ukakuta jiwe limezama, ujue barafu iliyeyuka ikaganda tena, hata kama umeme unawaka sasa.

Kwa tomsoni, angalisho kubwa. Watu husema: nitaikaanga sana, sumu itakufa. Vijidudu vitakufa, ndiyo. Lakini tomsoni iliyokaa katika joto inatengeneza kitu kinachoitwa istamini, na hicho hakiondoki kwa moto wala kwa kugandisha tena. Uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, ngozi inawasha, tumbo linaharibika. Mara nyingine samaki huyo hana hata harufu mbaya. Kama pumzi inakuwa ngumu, lopitalo mara moja.

Na mtu akishikwa na umeme, usimguse. Kata kwanza kwenye disjonteri. Kama hapumui, mwite jirani, anza kukandamiza kifua chake huku wengine wakitafuta gari.

Jambo dogo tena: firigo iliyolazwa ndani ya lori isimamishwe saa nyingi kabla ya kuwashwa, mafuta ya mota yarudi chini. Na usichokonoe barafu kwa kisu. Gesi ya firigo nyingi za sasa, R600a, inashika moto.

Yule mwenzetu alizika piketi yake siku ya mungu iliyofuata, fundi akapima mbele ya bibi yake. Firigo haiumi tena. Lakini mama huyo haingii jikoni bila viatu vya mpira, na jozi ya pili imewekwa mlangoni kwa ajili ya mtoto.